Akiba ya dhahabu kwenye kompyuta: namba inatoka wapi, na tuiamini kwa kiasi gani?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Wiki iliyopita jamaa yangu mmoja alinifuata ofisini Mikocheni akiwa na kabrasha lililofungwa vizuri kwa plastiki. Alikuwa anashawishiwa kuweka fedha zake za kiinua mgongo katika leseni moja ya utafutaji wa dhahabu Kanda ya Ziwa. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya kompyuta ya kuvutia, ardhi imegawanywa katika bloki na kila bloki ina rangi ya kiwango cha dhahabu kilichokadiriwa, nyekundu katikati, za njano zikizizunguka, na za buluu pembeni, na chini yake maandishi makubwa: "Akiba: wakia 96,000". Wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1, kwa hiyo alikuwa anaambiwa kwamba chini ya ardhi ile kuna karibu tani tatu za dhahabu. Alichotaka kwangu ni neno moja tu, ndiyo au hapana.

Nilifungua kurasa za mwisho kabisa, kwenye majedwali ambayo wawekezaji wengi hawayafikii. Mashimo ya uchorongaji, yaani yale yanayotobolewa ardhini ili kutoa sampuli za mwamba, yalikuwa 14, yameachana kwa takribani mita 80. Bloki za kwenye picha zilikuwa za mita 5 kwa 5 kwa 5. Nikamwambia kwamba sina ndiyo wala hapana, kwa sababu picha ile inaonesha undani ambao mashimo yale hayawezi kuwa nao. Hakunielewa, na sikumlaumu. Ndiyo maana nimeona nifungue uzi huu nieleze kwa Kiswahili namna hesabu hizi zinavyofanyika, kwa kuwa watu wengi hapa mjini wanaletewa makabrasha ya aina hii, na maelezo karibu yote yapo kwa Kiingereza.

Nianze na jambo ambalo kila mkazi wa Dar es Salaam analijua. Mtu akinunua kiwanja Tegeta au Mbezi akataka kuchimba kisima, swali la kwanza analouliza ni kuhusu kisima cha jirani: maji yalipatikana mita ngapi, na ni ya chumvi au baridi? Jirani wa ukuta mmoja anampa uzito mkubwa, wa mtaa wa pili uzito mdogo, na wa Kigamboni hamuulizi kabisa. Jiostatistiki, yaani takwimu za vipimo vilivyotawanyika ardhini, imejengwa juu ya busara hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba haikubali kukisia uzito huo kwa hisia, bali inautafuta ndani ya vipimo vyenyewe.

Chombo chake kikuu ni variogramu. Tunachukua sampuli zote, tunazipanga mbili mbili, na kwa kila jozi tunaangalia zimeachana mita ngapi na viwango vyake vya dhahabu vinatofautiana kiasi gani. Tofauti hiyo tunaizidisha yenyewe kwa yenyewe, tunatafuta wastani wa jozi zote zenye umbali unaofanana, kisha tunaugawa kwa mbili. Tukichora matokeo, mstari kwa kawaida unaanza chini na kupanda kadiri umbali unavyoongezeka, kwa sababu sampuli zilizo karibu hufanana na zilizo mbali hutofautiana. Ukifika umbali fulani mstari unalala. Kimo unapolala tukiite dari, na umbali ambao unalala tuuite upeo. Nje ya upeo huo, sampuli haina habari yoyote ya kukupa kuhusu mahali unapopakadiria, na ni sawa na kumuuliza mtu wa Kigamboni juu ya kisima cha Tegeta.

Lipo jambo la tatu, nalo katika dhahabu ndilo linalotutesa. Mstari ule hauanzii sifuri. Hata sampuli mbili zilizogusana hutofautiana, kwa sababu punje moja ya dhahabu inaweza kuangukia upande huu na isiangukie upande ule. Tunaiita athari ya chembe.

Sasa tufanye hesabu kwa mfano niliouunda ili mwone kazi inavyokwenda. Tuseme dari ni 1.0, athari ya chembe ni 0.4, na upeo ni mita 60, kwa umbo la variogramu linalotumika sana, ambalo kwa jina la kitaalamu huitwa la tufe. Nataka kukadiria sehemu moja. Magharibi yake, mita 30, kuna sampuli mbili zilizoachana mita 4 tu, moja ina gramu 6.0 kwa tani na nyingine 6.4. Mashariki, mita 30 pia, kuna sampuli moja yenye gramu 1.0. Wastani wa kawaida wa zote tatu ni 4.5. Lakini zile mbili za magharibi zimekaa pamoja na zinarudia habari ile ile, kama ndugu wawili wa nyumba moja wanaotoa ushahidi. Hesabu ya krigingi, yaani ile inayotumia variogramu kuipa kila sampuli uzito wake, inaliona hilo yenyewe: inazipa asilimia 28 kila moja, na ile ya mashariki inaipa asilimia 44. Makadirio yanakuwa gramu 3.9. Athari ya chembe ingekuwa sifuri, yangeshuka hadi 3.7, kwa kuwa hapo mbili zile zingefanana zaidi na kila moja ingekuwa na jambo dogo zaidi la kuongeza. Sampuli ni zile zile, lakini makadirio yamebadilika kwa sababu variogramu imebadilika. Kwa hiyo mtu akikuletea akiba ya madini bila kukuonesha variogramu, amekuletea jibu na kuficha hesabu.

Jina krigingi linatokana na Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini. Mwaka 1951 alionesha, kwa takwimu za migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, tatizo ambalo wachimbaji walikuwa wanaliona bila kulieleza: maeneo yaliyokadiriwa kuwa tajiri sana kutokana na sampuli chache, yakichimbwa hutoa pungufu ya matarajio, na yaliyokadiriwa kuwa maskini hutoa zaidi. Sababu ni kwamba sampuli ni kitu kidogo na bloki ni kitu kikubwa, na kitu kidogo kina bahati na mikosi mingi zaidi. Miaka ya 1960 Mfaransa Georges Matheron aliichukua kazi hiyo akaijengea nadharia kamili ya kihisabati, na ndiye aliyeieneza kwa jina la Krige.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa maelezo, ila nina shaka. Mimi nafanya kazi ya kompyuta hapa Posta, na ninavyoona mbinu ya mwaka 1951 imepitwa na wakati. Leo tuna akili mnemba inayoweza kujifunza ruwaza ambazo fomula hizi haziwezi kuziona. Kwa nini msiipe takwimu zote, pamoja na picha za setilaiti na vipimo vya sumaku, ikawaambia dhahabu ilipo?

Mleta mada

Ndugu, shaka yako ina msingi na wapo wanaofanya hivyo, hasa katika kuchagua eneo la kuchoronga, ambako vipimo ni vingi na vimesambaa. Katika kukadiria akiba hali ni nyingine. Una mashimo 14. Ukiyagawa, kumi ya kufundishia na manne ya kujaribia, umebaki na nini? Sampuli za shimo moja zinaweza kuwa mia mbili, lakini zote zinasimulia habari za mstari mmoja mwembamba ulioingia ardhini. Mashine ikifundishwa kwa sampuli za shimo na kujaribiwa kwa sampuli nyingine za shimo hilo hilo, itafaulu vizuri sana, kisha itashindwa mita 40 pembeni.

Faida ya krigingi, ambayo mimi naithamini kuliko hata makadirio yenyewe, ni kwamba kila bloki inatoka na namba mbili: kiwango kilichokadiriwa, na kipimo cha wasiwasi wa makadirio hayo. Inajua kwamba imezungukwa na mashimo sita au ipo peke yake pembeni. Kabrasha la jamaa yangu halikuonesha namba ya pili popote. Laiti wangepaka rangi kwa namba hiyo, sehemu kubwa ya ile picha nzuri ingekuwa na rangi moja tu, rangi ya "hatujui".

Mchangiaji wa pili

Salaam wakuu. Mimi ni mkazi wa Mbagala ila nimezaliwa Geita, na marehemu baba alikuwa mchimbaji mdogo. Nimeona duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, likitoa mawe yenye dhahabu inayoonekana kwa macho, na duara la jirani, hatua tano tu, wakatoka na kifusi mpaka wakauza pampu. Sasa hiyo variogramu inasemaje mahali kama hapo? Kwa uzoefu wetu dhahabu haina jirani.

Mleta mada

Mkuu, umetoa mfano ambao ningeutafuta mwenyewe, na pole kwa msiba wa mzee. Anachokisema mchimbaji kwamba dhahabu haina jirani ndicho variogramu inachokisema kwa mstari unaoanzia juu sana. Kwenye mfano wangu wa juu, ukihesabu tofauti ya sampuli zilizoachana mita 25, inafika 0.75 ya dari, ilhali upeo ni mita 60. Yaani kabla ya kufika hata nusu ya upeo, robo tatu ya ufanano imeshapotea.

Nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Mwamba choronge, yaani mche wa mwamba unaotolewa shimoni na mashine, wa ukubwa unaotumika sana una kipenyo cha milimita 47.6. Mita moja yake ina uzito wa kilo 5 kasoro kidogo. Unapasuliwa katikati kwa msumeno wa almasi, nusu inarudi kwenye trei ya kuhifadhia na nusu inakwenda maabara, ambako inasagwa, na mwishowe kinachoingia kwenye tanuru ni unga wa gramu 50, wakati mwingine 30. Kazi moja niliyoshiriki tuliamua kupeleka na ile nusu iliyobaki kwenye trei, kwa mita 40 zilizochaguliwa. Mita moja, yenye mshipa wa kwatzi usiozidi upana wa kiganja, nusu ya kwanza ilikuwa imetoa gramu 3.2 kwa tani. Nusu ya pili, kipande kilichokuwa kimeshikana nacho kabla ya msumeno kupita, ilitoa 27. Nakumbuka tulikaa kimya, kila mtu anaitazama karatasi. Maabara haikuwa na kosa, kwa sababu sampuli tupu (zisizo na dhahabu) na sampuli sanifu (zenye kiwango kinachojulikana) tulizozichanganya humo zilirudi sawasawa. Dhahabu ndivyo ilivyokuwa imekaa.

Sasa fikiria gramu hizo 50 zinapewa jukumu gani. Bloki ya mita 10 kwa 10 kwa 5, katika mwamba mgumu wa uzito wa tani 2.7 kwa mita ya ujazo, ni tani 1,350. Hiyo ni mara milioni 27 ya kile kilichoingia kwenye tanuru. Kwa hiyo namba moja kubwa kama ile 27 ikiachwa ijitanue mita 40 kila upande, inaweza kuzalisha maelfu ya wakia ambazo hazipo. Ndiyo maana hukatwa: tunaweka kilele, tuseme gramu 20, na kila kinachozidi kinahesabiwa kuwa 20. Kuchagua kilele hicho ni suala la maamuzi ya mtaalamu, na hapo ndipo ninaposhauri msomaji asome kwa makini, kwani kukitoa kwenye 20 na kukipandisha hadi 60 kunaweza kubadilisha akiba nzima bila shimo hata moja kuongezwa.

Niongeze kwamba si kila madini yapo hivyo. Hapa hapa Dar es Salaam, mawe ya chokaa yanayochimbwa Wazo kwa ajili ya saruji hubadilika taratibu kutoka sehemu moja hadi nyingine, na kwa chokaa ya aina hiyo krigingi ni raha kuifanya. Almasi ya Mwadui ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa humo kinachohesabiwa ni mawe na ukubwa wake, na sampuli ya kilo chache haina maana. Tanzanite ya Mererani hukaa kwenye vifuko, na kuikadiria kwa njia hii ningekuwa wa mwisho kuijaribu.

Mchangiaji wa tatu

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa jiolojia Mlimani, mwaka wa nne. Tumefundishwa kwamba krigingi "inalainisha". Ningependa kuelewa: kama inatoa makadirio bora, ulainishaji huo unaharibu nini? Na je, bloki ndogo si zinaonesha mambo kwa undani zaidi?

Mleta mada

Marahaba, na hongera kwa swali. Bloki ndogo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, na ni kosa la watu wenye programu nzuri.

Krigingi ni wastani wenye uzito, na wastani wowote hupunguza vilele na kujaza mabonde. Kwa kila bloki ikiwa peke yake, makadirio hayo ndiyo yenye kosa dogo kuliko mengine yote. Lakini bloki zote zikitazamwa kwa pamoja, zinafanana mno kuliko miamba halisi. Hilo lisingekuwa tatizo kama tungechimba kila kitu. Mgodi hauchimbi kila kitu. Unaweka kiwango cha ukomo, tuseme gramu 1.5 kwa tani, kilicho juu yake kinakwenda kinuni na kilicho chini kinatupwa kama miamba taka. Kama wastani wa mashapo yote uko juu ya ukomo, modeli iliyolainishwa itakuonesha tani nyingi kuliko zilizopo kweli, zenye kiwango cha chini kuliko kweli. Kama wastani uko chini ya ukomo, itakuonesha tani pungufu, pengine isikuoneshe kitu kabisa. Kwa vyovyote vile, mpango wa uzalishaji unaojengwa juu yake utakuwa na kasoro ambayo haitaonekana mpaka malori yaanze kubeba.

Ukizigawa bloki ziwe ndogo sana, hali inazidi kuwa mbaya. Mashimo yakiwa mita 80, bloki ya mita 5 na jirani yake zinasoma sampuli zile zile kwa uzito unaokaribia kulingana, kwa hiyo zinatoka na majibu karibu sawa. Undani unaouona ni rangi tu. Wengi wetu tunajiwekea desturi kwamba upande wa bloki usipungue theluthi moja au nusu ya nafasi kati ya mashimo. Mtu akihitaji kujua hali ya bloki ndogo zaidi, zipo njia zinazokadiria ni tani ngapi za bloki ndogo zitapita ukomo ndani ya bloki kubwa, bila kudai kujua zimekaa upande gani.

Njia nyingine ni simulesheni. Badala ya jibu moja lililolainika, kompyuta inatengeneza picha mia moja za ardhi ile ile. Kila picha inaheshimu sampuli zilizopo, inaheshimu variogramu, na ina vilele na mabonde kama miamba halisi. Hakuna picha moja iliyo kweli, lakini ukizipitisha zote mia kwenye ukomo unapata mia ya majibu, na unaweza kumwambia mwenye fedha kwamba katika picha kumi za chini kabisa mgodi huu unakula hasara. Programu ya bure ya SGeMS, iliyotoka Chuo Kikuu cha Stanford, inafanya haya yote kwenye kompyuta ya kawaida ya mwanafunzi. Anza nayo.

Na tafadhali usiruke hatua ya uzito wa mwamba. Juu, ambako mwamba umeoza na kuwa udongo mwekundu, mita ya ujazo inaweza kuwa na tani 2 tu; chini, kwenye mwamba mbichi, 2.8. Nimekuta modeli iliyotumia 2.8 kuanzia majani hadi chini. Kila tani iliyozidishwa juu ilizidisha na dhahabu.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, nimekuelewa vizuri. Sasa mtu akidanganya sampuli zenyewe, kompyuta itajua?

Mleta mada

Haitajua. Mwaka 1997 dunia iliona jambo hilo huko Busang, Indonesia, katika mradi wa kampuni ya Bre-X ya Kanada. Sampuli zilikuwa zimechanganywa na dhahabu ya kutoka nje, na hesabu za akiba zilizofanywa juu yake zilitoa mamilioni ya wakia. Miamba ilikuwa ikisagwa karibu yote bila kubakiza nusu kwenye trei kama ilivyo desturi, kwa hiyo hapakuwa na cha kurudia kupima. Kampuni nyingine ilipochoronga mashimo pacha kando ya yale ya awali haikupata dhahabu ya maana. Baada ya hapo Kanada iliweka kanuni kali za utoaji taarifa, zilizoanza kutumika mwaka 2001. Australia ilikuwa na mwongozo wake, JORC, tangu 1989, na ndio unaotenganisha maneno mawili ambayo kabrasha la jamaa yangu liliyachanganya: rasilimali, yaani madini yaliyokadiriwa kuwepo, na akiba, yaani sehemu ya rasilimali ambayo imethibitika inaweza kuchimbwa kwa faida baada ya kuhesabu gharama, upotevu na vibali. Rasilimali yenyewe ina madaraja matatu, iliyokisiwa, iliyobainishwa na iliyopimwa, na ile iliyokisiwa hairuhusiwi kugeuzwa kuwa akiba.

Mchangiaji wa nne

Wakuu, mimi ndiye mwenye kabrasha. Nimewasomea watoto uzi huu mezani jana usiku. Niliwaandikia wahusika kuomba vitu vitatu alivyonielekeza ndugu yangu: jedwali la sampuli zote kama zilivyotoka maabara, variogramu, na ruhusa ya kuziona trei. Jedwali wameleta. Variogramu wamesema "ni mambo ya ndani ya programu". Trei wamesema zipo na naweza kwenda. Nifanyeje?

Mleta mada

Ndugu yangu, jedwali nimelipitia tangu asubuhi. Nimeunganisha sampuli ziwe za mita moja moja, nikachora variogramu kufuata mashimo kwenda chini, kwa kuwa huko sampuli zinagusana na athari ya chembe inasomeka vizuri. Imetoka zaidi ya nusu ya dari. Kwa upande wa mlalo, kutoka shimo hadi shimo, hakuna mstari wa kusoma, kwani jozi ya karibu kabisa ina mita 74 na tayari ipo darini. Maana yake ni kwamba upeo ni mfupi kuliko nafasi ya mashimo, na kilichojaza bloki zote za katikati ni dhana. Kwa mashimo haya ningekubali neno rasilimali iliyokisiwa, na neno akiba ningelifuta. Vilevile sampuli mbili tu, za mashimo namba 6 na 11, nikizikata zisizidi gramu 20, zinaondoa karibu theluthi ya dhahabu yote kwenye hesabu yao.

Hiyo haina maana kwamba hakuna dhahabu. Mshipa umeonekana katika mashimo tisa kati ya 14, kwa mwelekeo unaoeleweka, na hilo si jambo dogo. Nenda ukazione trei, na mimi nitakusindikiza kama ni Jumamosi. Tutaomba nusu zilizobaki za mashimo 6 na 11 zipimwe upya kwenye maabara nyingine, kwa gharama yetu. Wakikubali, pendekezo langu ni kwamba fedha ya kwanza utakayotoa isiwe ya kununua hisa, bali ya kuchoronga mashimo matano kati ya namba 5 na namba 7, yaachane mita 20. Tukiyapata hayo ndipo nitaichora variogramu upya, na nitaileta hapa hapa.